Haki ya Mwili kwa Mwenye Kughafilika

Katika darsa yetu aliinuka ndugu mmoja mwenye kufanya kazi Kibwezi akaleta suali, nasi tumeona inafaa lijibiwe kwa maandishi ili wengi wapate kulizingatia. Alieleza habari ya kijana wa huku kwetu mjini aliyekwenda huko Ukambani kufungua duka la kutengeneza simu na redio. Kijana huyu hukaa juu ya kazi yake toka asubuhi hata magharibi bila ya kula na bila ya kunywa maji, na haja ndogo huizuia mpaka akaumwa na kibofu. Chakula hakikosi: hoteli ziko ng'ambo ya barabara, sahani ya muthokoi inanukia hata dukani kwake, na fedha ya kulipia anayo mfukoni. Wala hakufunga. Aulizwapo husema, "Sikukumbuka." Usiku hukaa hata saa tisa akifungua na kufunga kitu kile kile, si kwa kuwa hana usingizi, bali kwa kuwa hapana kilichomwambia kuwa sasa ni wakati wa kulala. Na mwenyewe si mjinga, kwani mashine iliyowashinda wengine humshinda mara chache.

Suali lenyewe ni hili: mtu kama huyu ana lawama kwa kuudhulumu mwili wake, au ana udhuru? Na sisi tulio karibu naye yatupasa nini?

Pale pale majibu yalitolewa matatu. Mmoja alisema ni uvivu na kukosa malezi. Wa pili akasema amechezewa, apelekwe akatazamiwe. Wa tatu, naye ni mtu mwema, akasema huyu ni mtu aliyeipa dunia kisogo, na lau sote tungelikuwa hatujali matumbo yetu, hali yetu ingelikuwa njema zaidi.

Jibu la kwanza halihitaji maneno mengi, kwani mvivu hukimbia kazi na huyu kazi ndiyo iliyomshika hata hawezi kuiacha. La pili tutalirudia. Lakini la tatu lina sura ya dini, nalo ndilo la hatari, maana hulifanya dhara kuwa fadhila. Kuipa dunia kisogo ni kuacha kitu hali ya kukiona na kukiweza. Mwenye kusahau kula hakuacha chochote kwa ajili ya Mola wake. Amepitwa tu na wakati. Tena zuhudi yenyewe ina mpaka. Imepokewa katika hadithi sahihi habari ya Salman Al-Farsi na Abu Dardaa, waliofungishwa udugu na Mtume, rehema na amani zimshukie. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha, na mkewe ameachwa. Salman alipomzuru alimfungulisha, akamlaza, akamwamsha usiku wa mwisho wakasali pamoja, kisha akamweleza kuwa nafsi yake ina haki juu yake kama Mola wake alivyo na haki na watu wa nyumbani walivyo na haki, na kila mwenye haki apewe yake. Habari ilipofika kwa Mtume alimsadikisha Salman. Basi ikiwa aliyeupuuza mwili kwa ajili ya ibada alirudishwa, itakuwaje kwa aliyeupuuza kwa ajili ya waya na bisibisi?

Na sharia imekwenda mbali zaidi ya wengi wetu tunavyodhani. Imekatazwa mtu kuingia katika sala na chakula kimeandaliwa mbele yake, au akiwa anazuia haja. Anayesinzia katika sala ameamrishwa alale kwanza, asije akajiapiza mwenyewe naye hajui asemalo. Tazameni: sala ambayo ni nguzo imewekwa nyuma kidogo ili tumbo, kibofu na usingizi vipate haki yao. Sisi hapa mjini tunao wazee waliozoea kuzihesabu haja hizi kuwa mambo duni yasiyofaa kutajwa katika darsa. Mafakihi wa zamani waliziandikia milango mizima ya vitabu, wala hawakuona haya.

Sasa ni ugonjwa gani huu, kama ni ugonjwa? Matabibu wa leo wanayo hali wanayoita kwa herufi nne, ADHD, na maana yake kwa lugha yetu ni upungufu wa makini pamoja na wingi wa harakati. Jina hili si zuri sana. Hufahamisha kuwa mtu hana makini, na kumbe anayo, ila hatamu zake haziko mkononi mwake: pengine hutawanyika asiweze kusoma ukurasa mmoja, na pengine hujikita mahali pamoja hata nyumba ikiungua hajui. Si jambo la juzi. Tabibu Alexander Crichton aliandika juu ya hali inayofanana nayo mwaka 1798, na George Still akawaeleza matabibu wenzake habari za watoto wa namna hii London mwaka 1902. Huanza utotoni, kabla ya miaka 12, na mara nyingi hurithiwa, hata ukimwona mtoto nayo si ajabu kumkuta baba au shangazi aliyeishi nayo bila ya jina. Hukadiriwa kuwa katika kila watoto 100 wapo kama 5 wenye hali hii, na wengi wao hukua nayo. Kwa watu wazima kukimbiakimbia hupungua. Kusahau, kuchelewa, na kutojua muda uliopita hubaki.

Katika watu hawa mwili hupiga hodi kama unavyopiga kwa kila mtu. Njaa huja, kiu huja, kibofu hujaa. Lakini mwenye nyumba yuko chumba cha ndani kabisa na mlango ameufunga, hasikii hodi mpaka mgeni avunje mlango: kichwa kigonge, mikono itetemeke, hasira impande juu ya mtu asiye na kosa. Ndipo hula kwa pupa, au hawezi kula kabisa kwa kuwa njaa imepita mpaka. Na hata akisikia hodi, baina ya kusikia na kuinuka pana safari. Huinuka kufuata maji, njiani huona msumari ulioanguka, huuokota, hukumbuka mahali unapotakiwa, huenda huko, na maji yamesahauliwa. Mwenzake humwona akizunguka akasema anacheza. Kibwezi ni mahali pa joto na ukame, na mwenye kukaa siku nzima chini ya mabati bila ya maji huumia mapema. Wala maji huko si ya kukosekana: chemchemi za Umani zilizo ndani ya msitu wa Kibwezi hulishwa na vilima vya Chyulu, vile vile vinavyolisha Mzima, ambako maji yake yaliletwa Mombasa kwa bomba katika miaka ya 1950. Sisi tulio mbali twayanywa, na aliye chini ya kilima ana kiu.

Tukija katika hukumu, twasema hivi. Aliyesahau hana dhambi kwa kusahau kwake, wala nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Katika hili maulamaa hawakutofautiana. Lakini wengine hufika hapa wakasimama, wakalifanya neno udhuru kuwa mto wa kulalia. Udhuru huondoa dhambi ya jana; hauondoi wajibu wa kuitengeneza kesho. Aliyejua kuwa husahau amekwisha jua kitu, na aliyejua ameingia katika taklifu ya aina nyingine. Hakukalifishwa kukumbuka, kwani hilo ndilo asiloliweza. Amekalifishwa kujiwekea cha kumkumbusha, na hilo analiweza. Sote twaijua habari ya bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Hakuambiwa awe na macho ya kumlinda ngamia usiku kucha. Aliambiwa atumie kamba.

Na kamba ya kijana huyu ilikuwa wapi alipokuwa kwao? Hapa ndipo penye moyo wa mambo. Ndugu aliyeleta suali alisema kuwa kijana alipokuwa Mombasa hakuonekana na shida kubwa. Hatustaajabu. Mji wa Kale mtu hazungukwi na kuta tu, huzungukwa na saa zinazosema. Adhana huja kutoka misikiti mitatu kwa mara moja. Muuza kahawa hupita akigonga vikombe. Mama huita, "Mwanangu, chakula kitapoa!" na asipoitika hutumwa mtoto amvute kanzu. Mara tano kwa siku mtu huacha alilo nalo, huenda chooni, hutia maji usoni na mkononi, husimama, huinama, hukutana na watu. Alifikiri kuwa ni yeye anayekula kwa wakati, na kumbe mji ulikuwa ukimlisha. Kisha akapanda gari karibu kilomita 300, akakaa peke yake katika chumba nyuma ya duka, Waislamu wachache, msikiti si wa jirani, na hapana amjuaye kwa jina la utotoni. Kamba zote zimekatika kwa siku moja, naye akadhani ameharibika yeye.

Mtu atasema: je, mtu mzima aamshwe na kulishwa kama mtoto? Haya si kumdhalilisha? Twajibu kwamba sote huamshwa. Mwadhini yuko kwa sababu sharia haikutuachia kila mmoja wetu apime jua kwa macho yake. Tofauti ya kijana huyu na sisi ni ya kadiri, si ya jinsi. Na kama mfano wa karibu watakiwa, basi hapo Makindu, mwendo mfupi kutoka Kibwezi, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 wakati wa watu wa reli, na hata leo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa akiingia hupewa chakula bila ya malipo. Hawamhoji kwanza kama ana njaa ya kutosha. Dereva wa lori aliyepita Mtito Andei bila ya kusimama kwa sababu akili yake iko Nairobi, hugundua kuwa alikuwa na njaa baada ya kuona sahani. Tusione haya kusema kuwa jambo hili ni jema.

Basi kijana afanye nini? Asingoje kusikia njaa. Ale kwa saa, kama mtu anavyokunywa dawa. Akubaliane na mwenye hoteli, amlipe kwa mwezi, na sahani iletwe dukani saa saba ikiwa ameiagiza au hakuiagiza. Chupa ya maji aiweke juu ya meza mbele ya macho, wala si kabatini, maana kwa watu hawa kisichoonekana hakipo. Kila sala aifungie jambo la mwili: kabla ya udhu choo, baada ya salamu maji. Simu anazotengeneza ziwe na kengele, na kengele iwe mbali na kiti ili ainuke kuizima. Tende, mayai ya kuchemsha, ndizi na maziwa viwe karibu siku ambayo kupika kumemshinda, na mkate mkavu ni bora kuliko pilau ambayo haikupikwa. Wengi huharibikiwa hapa: hutaka kufanya vizuri kabisa, wakishindwa huacha vyote. Asiyeweza kusali kwa kusimama husali kwa kukaa, na sala yake ni sala.

Na wake zetu tusiwasahau. Wasichana wenye hali hii mara nyingi hawarukiruki; hukaa kimya wakiota mchana, kwa hiyo hakuna anayewatambua. Binti huyu akiolewa hutakiwa azikumbuke njaa za watu saba. Huzikumbuka, kwa kuwa wao hulia na kudai. Yake hailii. Mume huona meza imejaa, hajui kuwa aliyepakua hakutia kitu kinywani toka alfajiri. Huyo akishindwa na nguo zilizorundikana huitwa mchafu, na mawifi wakapata la kusema. Mume mwenye akili amwambie, "Kaa, tule," wala asinyooshe mkono mpaka yeye amekaa.

Ama jibu la pili, la kutazamiwa. Hatukatai kusomewa Qurani; twakataa kuchinjiwa mbuzi mweusi na kulipa maelfu kwa mtu asiyejua tofauti ya kusahau na wazimu, na twakataa zaidi fimbo apigwayo mtoto wa chuoni kwa kile asichokichagua. Huko Makueni kwenyewe, ambako Kibwezi iko, taasisi ya utafiti aliyoiasisi Profesa David Ndetei imewafunza wauguzi wa zahanati kutambua maradhi ya akili kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na imewakutanisha na waganga wa jadi na viongozi wa dini ili wagonjwa wafikishwe hospitali. Kwa hiyo asiseme mtu kuwa mambo haya ni ya Nairobi na Ulaya tu. Kijana aende hospitali, aeleze habari zake za utotoni, na awe na mtu wa kwao wa kumshuhudilia, kwani mwenyewe atasahau nusu.

Ziko dawa zinazosaidia. Iliyo mashuhuri ni methilfenideti, iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1944, nayo haitumiwi ila kwa amri ya tabibu. Ina jambo moja la kujihadhari: hupunguza hamu ya chakula. Aliyekuwa hasikii njaa kwa kughafilika sasa hatoisikia kwa dawa, na kwa hiyo ile sahani ya saa saba yazidi kuwa lazima.

Limebaki la Ramadhani, ambalo ndugu wa Kibwezi aliliuliza mwishoni. Alisema kijana huwa afadhali katika mwezi huo kuliko miezi mingine. Yaingia akilini, kwa kuwa ni mwezi ambao watu wote hula kwa saa moja, na futari haisahauliki. Hatari iko kwenye daku: akilala saa tisa hatoamka, naye ameshinda jana yake bila ya maji ya kutosha. Daku imesuniwa, na kwa mtu huyu twaona ni zaidi ya suna. Apigiwe simu na ndugu zake wa Mombasa kila usiku mpaka wasikie sauti ya maji yakinywewa. Ama dawa ya asubuhi, aulize tabibu tangu Shaabani kama yaweza kuhamishwa wakati wa daku, au aina yake kubadilishwa. Tabibu akimwambia kuwa kuiacha kutamdhuru na kuihamisha hakuwezekani, basi huyo ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na hukumu ya mgonjwa katika Ramadhani inajulikana.