Saa Iliyokwisha Kuuzwa

Twaulizwa: kijana aliyeajiriwa kutwa, naye ajitayarisha kuomba nafasi ya kusomea udaktari Marekani, je, yafaa afungue kitabu chake kwa siri kazini? Haja yake twaijua. Mtihani wa huko, uitwao MCAT, una maswali 230, na kikao chake pamoja na mapumziko ni muda wa saa saba na nusu. Lakini saa aliyolipwa ameshaiuza. Husemwa, tajiri hapungukiwi na kitu. Hilo ni la tajiri kusema, si la mwajiriwa. Naye ataka kesho aaminiwe na mgonjwa asiyeweza kumchungulia! Basi na amwombe tajiri waziwazi apunguziwe saa na mshahara pamoja. Akikataliwa, zimesalia alfajiri na usiku. Zisipotosha, aahirishe maombi hata mwaka ujao.