Mguso wa Pili

Somo: Marko 8:22–26



Mzee mmoja wa hapa kwetu Mkolani, mvuvi wa zamani, alikohoa muda mrefu. Alipopigwa picha ya kifua, likaonekana doa kwenye pafu. Makohozi hayakuonyesha vijidudu vya kifua kikuu, lakini akaanzishiwa dozi ya miezi 6. Dozi ikaisha, doa likabaki. Mtaani nako kila mtu akalisoma alivyotaka: huyu sigara, yule kurogwa, mwingine ugonjwa wa kunong'onwa.

Kovu la kifua kikuu, fangasi na saratani huweza kufanana kwenye picha, kama mitumbwi iliyo mbali ziwani alfajiri: unajua kuna chombo, hujui ni cha nani.

Akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, akaambiwa achukuliwe kipande kidogo cha nyama ya pafu kikapimwe. Akagoma. “Mchungaji, uvimbe ukichokonolewa husambaa.” Hofu hiyo ni ya wengi, ila jambo hilo hutokea kwa nadra sana. Kinachohofiwa zaidi ni hewa kuvuja nje ya pafu, au damu; ndiyo maana mgonjwa huangaliwa kwa saa kadhaa na kupigwa picha tena kabla ya kuruhusiwa.

Mwishowe alikubali. Alinisimulia alivyolazwa kwenye mashine ya siti skani, ngozi ikawekwa alama, akachomwa ganzi katikati ya mbavu, kisha ikaingia sindano ndefu, picha ikiionyesha njia. “Daktari ananiambia: vuta pumzi, ishikilie, usitikisike.” Maana pafu likipumua, doa nalo huhama. Kilichotoka ni kipande chembamba kama uzi wa nyavu, kikatiwa kwenye kichupa cha formalini kwenda kusomwa kwa darubini.

Bethsaida, mahali pa somo letu, nako kulikuwa kwa wavuvi. Jina lenyewe maana yake ni nyumba ya uvuvi. Huko Bwana alimgusa kipofu mmoja macho, akamuuliza kama anaona. Yule mtu angeweza kuitikia tu kwa heshima, watu wakashangilia, naye akarudi kwake akipapasa. Hakufanya hivyo. Alikiri kwamba watu anawaona kama miti. Kwa kukiri huko akaguswa mara ya pili, akaona sawasawa.

Sisi ni wepesi wa kusema tumeona. Tunaona kivuli, tunatoa hukumu. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, nenda ukapime. Uliyemaliza dozi bila nafuu, rudi useme wazi kwamba bado. Kusema hivyo si kukosa imani. Na sisi wengine tumchangie mgonjwa nauli, tumsindikize.

Majibu ya mzee wetu yametoka. Ni yake na ya watu wa nyumbani mwake. Anayeyatamani sana amwombee, asimuulize.