Kahawa ya Saa Nne Usiku
Tarehe 20 Oktoba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliondoa kafyu iliyoanza Machi 2020. Siku mbili baadaye, saa nne usiku, nilitoka barazani kwetu Mombasa. Muuza kahawa alikuwa amerudi, akigonganisha vikombe vyake. Nikacheka, kisha nikaona haya. Nyanya tulimzika mwaka 2020, watu 15 tu, bila matanga. Je, kufurahi si kumsahau?

Mzee mmoja akanisogezea kashata. "Kula, mwanangu. Nyanyako alikuwa hanunui moja."

Tukamzungumza nyanya hadi saa sita. Matanga tuliyonyimwa tuliyakaa pale, tukicheka. Sasa sioni haya kufurahi, maadamu barazani tunawabakizia wafu wetu nafasi.