Kopa, Kisha Andika!

Unasubiri nini?

Daftari liko wazi, kalamu iko mkononi, nawe umekaa hapo Tabora ukingoja wazo likushukie. Halishuki! Mwezi umepita, bado unalalamika kwamba huna cha kuandika.

Huna cha kuandika, au hujasoma?

Mtazame Nyerere. Mwaka 1937 aliingia Shule ya Tabora, kijana kutoka Butiama. Baadaye, akiwa Makerere, alisoma hoja za Mwingereza John Stuart Mill juu ya wanawake kukandamizwa. Hakuishia kuzisifu. Alizichukua akazipeleka kwao, akaandika insha kuhusu wanawake wa Kizanaki. Hoja za Mwingereza, macho ya Mzanaki.

Akarudi Tabora kufundisha St. Mary's. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa, akatoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar.

Rais! Wewe unasema huna muda?

Na Shakespeare mwenyewe alivitoa wapi visa vile? Kwa Plutarch, Mgiriki wa kale, kupitia tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579. Mzigo ulihama bega hadi bega, kama pembe za ndovu zilizopita hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Nani alikudanganya kwamba mwandishi huanza bila kitu?

Kopa!

Sisemi uibe. Kuchukua sentensi za mwenzio ukaweka jina lako ni wizi, basi. Kopa swali lake. Kopa namna anavyoingia kwenye kisa. Kisha mtaje bila aibu.

Unataka pa kuanzia? Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Tabora imo humo. Kitabu hicho kisome. Ni simulizi ya tajiri wa pembe na watumwa: safari zake, vita vyake, faida yake. Sasa jiulize: mpagazi wa Kinyamwezi aliyeubeba ule mzigo aliona nini? Mkewe aliyebaki akilima alisema nini? Aliyefungwa mnyororo je?

Njia ni ileile. Geuza macho tu, hadithi ni yako!

Uwezo unao. Umelala. Uamshe!

Usiku huu soma kurasa kumi. Funga kitabu. Andika ukurasa mmoja, hata ukiwa mbovu, kwa sababu ukurasa mbovu unarekebishika. Kesho andika wa pili.

Wapagazi wale bado wanakungoja. Kaa chini uandike.