Raha ya Mvua na Haki ya Jirani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyaleta mawingu na kuyanyesha atakapo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Masika haya, katika darasa ya baada ya Magharibi, kijana mmoja aliniuliza suali hili: "Maalim, je, yafaa mtu kuifurahia mvua katika mji kama huu wetu wa Dar es Salaam, hali ajua ya kuwa mvua hiyo hiyo yamtoa mwenziwe nyumbani kwake?" Wenziwe wakacheka, wakamwambia kuwa hilo si suali la darasa. Mimi sikucheka, wala siku ile sikumjibu, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Jawabu yake ndiyo hii.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa raha ya mvua hakuna akaaye mji huu asiyeijua. Miezi ya kaskazi twachomwa na jua mchana, na usiku hatulali kwa jasho. Kisha upepo wageuka, mawingu yatanda, na tangu Machi mpaka Mei twapata mvua ya masika. Harufu ya vumbi lililorowa yaingia madirishani. Mvua yapiga bati kwa kishindo hata sauti za watoto chuoni hazisikiki, na mwalimu hana budi kufunga juzuu na kungoja. Wazee wakaa barazani na kahawa yao na muhogo wa kuchoma, hakuna aendaye sokoni wala adaiwaye safari. Na wanawake watoa ndoo, masufuria na mapipa, kwani maji katika mji huu wengi wayanunua kwa dumu, na siku ile Mola awapa bure maji yaliyo safi na yenye kusafisha, ya kunywa na ya kutawadhia.

Basi je, furaha hii ni halali? Twasema: ni halali, na zaidi ya halali, kwani ina asili katika mwendo wa Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mvua iliwanyea, naye akaifunua nguo yake kidogo hata ikampata mwilini. Akaulizwa sababu, akaeleza ya kuwa mvua hiyo imetoka karibuni kwa Mola wake. Mwenye kuifurahia mvua kwa nia hiyo, furaha yake ni shukrani. Lakini Bibi Aisha (R.A.) naye ametueleza kwamba Mtume akiona wingu au upepo mkali, uso wake hubadilika kwa khofu, akiwakumbuka kaumu ya Adi, waliofurahia wingu na ndani yake mna adhabu yao, na mvua ikinyesha khofu humwondokea akafurahi. Basi fahamu ya kuwa furaha yake haikuwa furaha ya mtu aliyeghafilika.

Na iko khabari nyingine iliyo karibu zaidi na suali letu. Madina ilipopatwa na ukame, mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume akikhutubu, akamwomba awaombee mvua. Akaomba, ikanyesha hata Ijumaa ya pili. Akaja mtu akalalamika kwamba nyumba zaanguka na mali yazama. Tazama, ndugu yangu: mtu huyu hakuambiwa, "Nyamaza, hii ni rehema." Wala Mtume hakuomba rehema ikatike duniani. Aliomba iwaondokee juu yao, iende pande zao, vilimani na mabondeni na penye mizizi ya miti, yaani mahali pa kufaa. Katika khabari hii twajifunza mambo mawili: ya kwamba kitu kimoja chaweza kuwa rehema kwa huyu na msiba kwa yule, na ya kwamba mwenye kupewa rehema yampasa asikie malalamiko ya mwenye msiba.

Sasa tuutazame mji wetu. Mto Msimbazi waanzia vilima vya Pugu, wapita katikati ya mji na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Maji ya mitaa mingi yashuka bondeni mwake, nako bondeni kuna nyumba za watu. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 katika mji huu, na jamaa nyingi zikahamishwa Mabwepande. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 nchini kote. Na kila yanapotukia haya, sisi tukaao juu twasema, "Ni kudura ya Mungu," kisha twarudia kahawa yetu.

Neno hili ni kweli, walakini twalitumia mahali pasipo pake. Mvua ni kudura, wala hatuna mkono ndani yake. Lakini taka iliyotupwa mtaroni usiku, ili asimlipe mzoa taka, ni mkono wa mtu. Ukuta uliojengwa juu ya njia ya maji ni mkono wa mtu. Na aliyemwuzia maskini kiwanja cha bondeni wakati wa kiangazi, hali ajua hupita nini hapo wakati wa masika, huyo ameficha aibu ya bidhaa yake, na sharia yetu yamlazimu muuzaji kuibainisha aibu aijuayo. Kwa hiyo haifai kumwambia aliyezama, "Nani alikutuma ujenge hapo?" kabla hatujamwuliza aliyemwuzia, na kabla hatujajiuliza wenyewe maji yetu yaenda wapi.

Na wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Imamu Nawawi katika Minhaj ataja mlizamu, yaani mchirizi utoao maji ya mapaa: ni halali kuutoa upande wa njia, walakini kitakachoharibika kwa sababu yake, mwenyewe hukilipa, kwa kauli mpya ya Imamu Shafi'i. Izingatie hukumu hii. Ruhusa ya kutenda haikuondoa deni la madhara. Wala usidhani maji ya mapaa ni kitu kidogo. Nyumba yenye mapaa ya mita 10 kwa 10, ikinyewa na mvua ya milimita 50, hushusha lita 5,000, nayo ni madebe 250. Ni nani angekubali jirani amwagie madebe 250 ukutani kwake, kisha amwambie ni kudura?

Nami sasa nitaeleza kwa nini sikucheka. Mas'ala haya ya mlizamu nimeyasomesha miaka mingi. Nyumbani kwangu mlizamu ulitoka upande wa uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro akaa bibi mmoja mkongwe auzaye vitumbua, na ukuta wake ni wa udongo. Masika matatu nilikaa barazani nikisikia maji yale yakibubujika, nikaiona sauti yake ni nzuri, nikasema alhamdulillah. Siku moja mjukuu wa bibi yule, naye ni mwanafunzi wangu, alikuja chuoni na juzuu iliyorowa, kurasa zimegandana. Nikamkaripia kwa kutouhifadhi mwandiko mtukufu. Akainamisha kichwa. Nilipozidi kumwuliza imeroweshwa na nini, akasema kwa sauti ndogo, "Ni maji ya kwako, Maalim."

Nikenda kwa yule bibi jioni ile. Nikakuta magunia ya mchanga yamepangwa chini ya ukuta, na kitanda kimeinuliwa juu ya matofali. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku zote. Akanijibu, "Mwanangu, ningesemaje nawe, na wewe ndiye utusomeaye?" Nimeonywa na wengi katika umri wangu, lakini neno lililoniingia kama hilo silikumbuka. Elimu yangu ndiyo iliyomfunga kinywa. Nikaugeuza mlizamu uingie pipani, na yanayozidi yaende mtaro wa njia kuu. Nikaujenga ukuta wake. Watu walinisifu kwa sadaka. Haikuwa sadaka, lilikuwa deni. Na ile miaka mitatu ya subira yake, mpaka leo sijui nitailipa kwa nini.

Basi jawabu ya yule kijana ni hii: Ifurahie mvua, wala usione haya. Kukunja uso mbele ya neema hakumkaushii kitanda aliyerowa. Lakini furaha isiyouliza maji yaenda wapi ni ghafla, na mwenye kula raha juu ya haki ya mwenziwe ana deni. Sharia imemhurumia mtu arowaye njiani tu: mvua ikinyesha, imewaruhusu waendao msikitini kutoka mbali waikutanishe Isha na Magharibi kwa jamaa, kwa masharti yake yajulikanayo. Ikiwa huyu arowaye kanzu kwa muda mchache amehurumiwa hivi, sisi tutamhurumia vipi yule arowaye ndani ya nyumba yake na watoto wake?

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya masika yajayo, kila mmoja na atoke nje azunguke nyumba yake. Atazame mlizamu wake waelekea wapi, azibue mtaro ulio mbele ya mlango wake, na ambishie hodi jirani aliye chini yake amwulize, asingoje kuambiwa, kwani huenda asiambiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huenda ukawa ukuta wa mtu mwingine. Akiisha kufanya hayo, na akae barazani, amimine kahawa yake, na aisikilize mvua kwa moyo mweupe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye manufaa isiyo na madhara, atusamehe tuliyoyajua na tuliyoghafilika nayo, na asitufanye neema zetu kuwa msiba wa majirani zetu. Amin.