Kijiko Kwenye Karai

Hapa mtaani Nyalenda, saa hizi mama anaosha vyombo mlangoni, na mtoto wa miaka 2 kachuchumaa kando ya karai. Anadondosha kijiko: kinazama. Anadondosha kifuniko cha chupa ya plastiki: kinaelea. Anakisukuma chini kwa kidole, kinaibuka tena. Anacheka, anarudia. Sisi tunaona maji yakimwagika, nayo tumeyanunua kwa mtungi, basi tunafoka.

Kumbe mwenzetu yuko kazini: anajifunza. Jean Piaget, msomi wa Uswisi, alijifunza mengi kuhusu akili za watoto kwa kuwatazama wanawe watatu wakicheza nyumbani. Darasa la awali, PP1, humsubiri mtoto afike miaka 4; karai halisubiri.

Kwa hiyo kabla hajadondosha kingine, muulize: "Na hiki je, kitazama au kitaelea?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunajijibu wenyewe. Akikosea, mwache aone. Ila usimwache peke yake na maji, hata ya karai. Mtoto mdogo huzama kwenye maji machache sana.

Leo ukiosha vyombo, mama, baba, mbakishie kijiko kimoja.