Kiota Kwenye Waya wa Nguo

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kumbukumbu la Torati 22:6, 7, Zaburi 84:1–3, Mathayo 10:16–31, Luka 12:6, 7, Yohana 11:17–36, 1 Wathesalonike 4:13.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam wakati mama mmoja kijana aliporudi nyumbani kutoka hospitali bila mtoto. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akaishi siku mbili. Akina mama wa Dorkasi walikuja, wakapika, wakaosha vyombo, wakaimba. Mmoja wao alipokuwa akiaga alimshika mkono, akamwambia maneno yanayosikika karibu kila msiba: mlimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Yule mama hakujibu. Wageni walipoondoka alianza kukaa uani, kwenye kigoda nyuma ya jiko, na huko ndiko alikomwona chozi.

Chozi ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza utamu wa maua. Dume hung'aa juani kama kitu kilichopakwa mafuta. Jike ana rangi iliyofifia, na yeye ndiye fundi. Jike huyu alikuwa amechagua mwisho wa waya wa kuanikia nguo, karibu na ukuta. Alileta utando wa buibui mdomoni, akauzungusha kwenye waya, akaondoka, akarudi na jani kavu, kisha utando tena. Kwa siku kadhaa kilining'inia kitu kilichofanana na takataka zilizonaswa. Baadaye kikapata tundu ubavuni, na juu ya tundu kijipaa kidogo cha kuzuia mvua. Ndani akatandika sufi.

Kiswahili kimempa ndege huyu jina moja na tone litokalo jichoni. Hakuna haja ya kujenga fundisho juu ya jambo hilo, lakini yule mama alikuwa ameliona.

JUMAPILI: Sheria ya Kiota

Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa naye baada ya msiba, alitaka kukiondoa. Waya ni wa nguo, alisema, na kiota kitaleta sisimizi. Mkwe wake akamwomba: "Naomba tukiache tu, mama. Nitaanika upande huu." Kwa mwezi mzima mashuka yakaanikwa yakiwa yamekunjwa mara mbili.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Sheria hii inamlinda nani, na imeambatanishwa na ahadi gani?

Msomaji mwenye haraka huipita sheria hii bila kusimama. Imewekwa kati ya habari za ng'ombe aliyepotea na ukuta mdogo wa kuzuia watu wasianguke kutoka darini. Mpita njia akikuta kiota chenye makinda au mayai, na mama amewalalia, asimchukue mama pamoja na wanawe. Mama aachwe aende zake. Ni hayo tu. Lakini ahadi iliyofuatia, ya heri na siku nyingi, ni ile ile iliyotolewa kwa anayewaheshimu baba na mama yake (Kumbukumbu la Torati 5:16).

Sheria haikatazi kuchukua makinda. Watu walikula ndege, na Mungu hakujifanya kutojua. Hata hivyo, kila mtoto aliyewahi kuwinda kwa manati anafahamu kwamba ndege wa porini hashikiki kwa mkono, isipokuwa yule anayekataa kuwaacha wanawe. Kumkamata hapo ni kuufanya upendo wake uwe mtego. Hilo ndilo Mungu alilolikataza, na aliliona kuwa zito kiasi cha kuliwekea ahadi ya amri ya tano.

JUMATATU: Mayai Mawili

Yalikuwa mawili, kama ilivyo kawaida ya chozi. Jike aliatamia peke yake kwa muda wa kama majuma mawili, mdomo wake ukichungulia tundu, dume hakuingia. Makinda walipoanguliwa, uchi na vipofu, dume naye akashika kazi ya kulisha. Hawakuletewa utamu wa maua. Waliletewa wadudu na buibui, kwa kuwa mwili unaojengwa unahitaji chakula cha namna hiyo. Ajabu zaidi ni usafi wao: kinyesi cha makinda hutoka kikiwa kwenye kifuko cheupe, na mzazi hukibeba kwa mdomo na kukitupa mbali. Mama mkwe alipoliona hilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Hata nepi wanabeba!" Tangu siku hiyo vigoda vilikuwa viwili.

Soma Zaburi 84:1–3. Mwimbaji aliye mbali na nyumba ya Mungu anawaonea ndege wivu gani?

JUMANNE: Siku ya Maandalio

Ilikuwa Ijumaa alasiri, nguo za Sabato zikiwa kwenye beseni. Kunguru alitua juu ya waya, akakipasua kiota kwa mapigo mawili au matatu ya mdomo. Yule mama alirusha kandambili, akarusha na kopo la maji. Kunguru aliondoka na kinda mmoja. Wa pili alikuwa chini kwenye saruji, na alikuwa amekwisha kufa. Wazazi walizunguka wakilia mpaka giza lilipoingia.

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa Afrika. Waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wasaidie kuondoa taka, wakaenea mpaka bara, na popote walipo hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Inafaa kulikumbuka hilo kabla ya kusema kwamba kila linalotokea uani Mungu amelipanga. Uharibifu ule ulianza na watu waliotaka mji uwe safi.

JUMATANO: Haisemi Hawaanguki

Siku iliyofuata, darasa la Shule ya Sabato lilikuwa kwenye Mathayo 10. Mwalimu, mzee aliyestaafu zamani, aliuliza shomoro wanatufundisha nini. Wakajibu kama madarasa yanavyojibu: Mungu anatujali, Mungu anatutunza. Ndipo yule mama, ambaye hakuwa amesema neno darasani tangu mazishi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wangu alianguka. Jana wa chozi nao wameanguka. Baba alikuwa wapi?"

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mzee alilisoma fungu lile upya, polepole, kisha akavua miwani. "Mwanangu," alisema, "nimelifundisha fungu hili miaka mingi kana kwamba linasema hawaanguki. Halisemi hivyo."

Soma Mathayo 10:29–31 na Luka 12:6, 7. Yesu anaahidi nini, na ni nini ambacho haahidi?

Shomoro walikuwa kitoweo cha maskini. Katika Mathayo wawili wanauzwa kwa sarafu moja ndogo ya shaba. Sarafu 16 za namna hiyo zilifanya dinari moja, ujira wa kibarua kwa siku. Katika Luka ni watano kwa sarafu mbili. Yeyote anunuaye sokoni anaelewa hesabu hiyo. Yule wa tano ni nyongeza, ametiwa kapuni bila bei. Na Yesu anasema kwamba hata huyo Mungu hajamsahau.

Maneno haya hayakusemwa penye raha. Yesu alikuwa akiwatuma Thenashara, na alikuwa ametoka kuwaambia kwamba watapigwa na kupelekwa mbele ya watawala (Mathayo 10:17, 18). Yohana Mbatizaji alitiwa gerezani (Mathayo 11:2), na hakutoka humo akiwa hai. Yakobo, mmoja wa waliokuwa wakisikiliza, aliuawa kwa upanga kwa amri ya Herode (Matendo 12:2). Nywele zake nazo zilikuwa zimehesabiwa. Tafsiri yetu iliyozoeleka inaongeza habari ya Baba kujua. Kigiriki ni kifupi zaidi: shomoro haanguki pasipo Baba. Mtu anaweza kujua jambo akiwa mbali. Fungu hili linamweka Baba pale pale chini, kwenye saruji.

Hilo halijibu swali la kwa nini. Mzee hakujaribu kulijibu, na alifanya vyema.

ALHAMISI: Majina Mawili

Mama mkwe alikuwa ameketi benchi la nyuma. "Na mimi nilizika wawili," akasema, "kabla ya kumpata mume wake huyu. Hakuna aliyewahi kuniuliza majina yao." Akayataja. Mkwe wake, aliyeishi naye nyumba moja majuma yote yale, alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Darasa lilikaa kimya mpaka kengele ilipopigwa, na katibu hakuuliza ni wangapi waliojifunza lesoni kila siku.

Soma Yohana 11:17–36. Martha na Mariamu walimwambia Yesu maneno yale yale (mafungu ya 21 na 32). Aliwajibu kwa njia gani mbili tofauti?

Kwa Martha alizungumza juu ya ufufuo. Kwa Mariamu alitoa machozi. Alikwisha kusema kwamba Lazaro amelala na kwamba anakwenda kumwamsha. Muda mfupi baadaye angemwita kaburini. Bado alilia. Paulo naye, katika 1 Wathesalonike 4:13, hawakatazi waumini kuhuzunika. Anawakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini.

Kifo ni adui, naye atabatilishwa (1 Wakorintho 15:26). Kwa hiyo ni lazima kuyapima yale maneno ya kwamba Mungu amempenda zaidi. Wanaoyasema wana nia njema, na wengine hawana kingine cha kusema. Lakini maneno hayo humfanya Mungu kuwa kunguru. Mama anayeamini kwamba Mungu ndiye aliyemnyakua mtoto wake atamwombaje Mungu huyo usiku?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Siku chache baadaye chozi jike alirudi uani. Alikuwa akichomoa nyuzi za utando kwenye mabaki ya kiota na kuzipeleka kwenye mwembe wa jirani. Mhubiri asilichukue jambo hili na kumpelekea mama aliyefiwa, eti ndege ameanza upya, nawe anza upya. Mtoto si kiota.

Mama mkwe aliufungua waya ule kwa mikono yake mwenyewe, akaufunga upya chini ya upenu, mahali ambapo kunguru hafiki kwa urahisi. Nguo alizianika mpaka karibu na mwisho, akaacha kipande kitupu.

Maswali ya Kujadili

1. Je, umewahi kumwambia mfiwa neno ambalo sasa unatamani usingelisema? Ni nini kilichokufanya uone vigumu kukaa kimya?

2. Katika kanisa lenu, ni nani aliyezika mtoto ambaye jina lake halijatajwa tena? Ni nani atakayekwenda kumwona kabla ya Sabato ijayo, na kumwuliza mtoto aliitwa nani?